Unga wa Lulu kwa Harusi ya Wazee

Niliporudi Juba mwaka ule wa uhuru, mji ulikuwa wangu kwa jina tu. Nilizaliwa hapo, lakini mama alinibeba mgongoni hadi Kenya kabla sijajifunza kutembea, nikakulia Kitale na baadaye Nairobi. Kiarabu cha Juba nilikijua kwa masikio, si kwa ulimi. Watu sokoni wakinisikia walicheka wakaniita Mkenya, na huko Nairobi maisha yangu yote nilikuwa nimeitwa Msudani, kwa hiyo sikujali sana. Nilifikia kwa mama mdogo, dada yake mama, katika mtaa wa zamani wa Juba Na Bari, mahali ambapo asubuhi unausikia mto kabla hujauona.

Kazi niliyokuja nayo ilikuwa ya kutengeneza kadi kwa mkono. Nilijua kukata karatasi ngumu bila kuichana, kuikunja ikae sawa, na kuchonga mihuri kwa soli za malapa yaliyochakaa. Soli ya lapa inachongeka vizuri kwa wembe. Ukiwa na subira unaweza kutoa jani lenye mishipa yake yote. Mama mdogo alitazama mihuri yangu na kuuliza, kwa upole, kama watu wa Kenya wanaweza kweli kula kwa kazi hiyo.

Karibu na kwake palikuwa na chumba cha biashara chenye mlango wa bati la buluu. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kiganda, mnene kidogo, mcheshi, aliyetoa fotokopi na kuuza kalamu na bahasha. Watu wote walimwita Nyabo, kama Waganda wanavyomwita mwanamke yeyote wa heshima, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilikwenda kwake kuomba vipande vya karatasi alivyokuwa akitupa. Siku ya pili akaniambia nilete meza yangu niiweke kwenye kona, kwa sababu mashine ya fotokopi haikuwa mtu wa kuongea naye.

Unga wa lulu ulikuja na basi kutoka Kampala. Nyabo alikuwa amekwenda kununua karatasi, akarudi na kikasha cha vichupa vidogo vyenye vifuniko vyeupe, kila kimoja kimejaa vumbi laini la rangi: jeupe, la shaba, la kijani kilichochanganyika na dhahabu. Yeye alidhani labda ni la kupaka kwenye kope za macho.

"Sister, hii kitu mimi sijui ni ya nini," aliniambia. "Mwenye duka alisema ni ya sabuni, ni ya mshumaa, ni ya karatasi. Lakini wewe angalia."

Akamimina kidogo kiganjani, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Jua la saa nne lilikuwa limesimama pale kizingitini. Unga ule mweupe ukageuka buluu, halafu zambarau, halafu kiganja chake kikapinduka kidogo na rangi yote ikatoweka, ukabaki mkono wa mama wa Kiganda wenye vumbi. Tulirudia mchezo huo mara nyingi asubuhi ile. Wateja waliokuja walisimama nao wakatazama, wakasahau walichofuata.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ni ulanga, lile jiwe linalobanduka kama maganda ya kitunguu, limesagwa mpaka likawa laini kuliko unga wa ngano. Hata mchanga wa makorongo ya Juba unao ulanga. Mvua ikipita, ardhi inametameta miguuni mwa watu na hakuna anayeinama. Lakini ule wa vichupani ulikuwa umevishwa kitu kinachofanya mwanga uteleze juu yake, na mimi kwa miezi kadhaa nilikuwa kama mtu aliyepewa mnyama bila kujua anakula nini.

Kwenye karatasi nyeupe haukuonekana kabisa. Nilipiga chapa, nikapaka, nikapuliza, na karatasi ikabaki kama ilivyokuwa. Nilikuwa karibu kukata tamaa hadi siku unga ulipomwagika juu ya jalada jeusi la faili, na pale gizani ukaamka. Kumbe ulihitaji weusi chini yake. Nikamwomba Nyabo asafiri tena atafute karatasi ya buluu ya kiza, karibu na nyeusi, na hiyo ndiyo ikawa karatasi yetu.

Kuushikiza ndiko kulikokuwa na kazi. Sokoni Konyo Konyo palikuwa na mfanyabiashara kutoka Darfur aliyeuza utomvu wa mgunga, mabonge ya rangi ya asali ambayo watu wa Juba huyaita samag. Niliyaponda, nikayaloweka, nikayachuja kwa kipande cha chandarua. Utomvu ukiwa mzito unaua mng'ao na kupasuka ukikauka. Ukiwa mwepesi, unga wote unahamia kwenye vidole vya mwenye kadi. Wakati wa kiangazi ulikauka kabla sijafika na brashi, nikajifunza kuuchanganya na gliserini kidogo ya duka la dawa ubaki na unyevu. Nilipiga muhuri kwa mchanganyiko huo usio na rangi, nikachovya brashi laini kwenye unga, nikaupitisha juu kama unavyompangusa mtoto mchanga uso. Picha ikatokea pasipokuwa na kitu. Mwisho tulipuliza dawa ya nywele tuliyoazima saluni ya jirani, ili unga usihame. Kazi yote ilitaka feni izimwe na mlango ufungwe nusu, na katika joto la Juba hilo si jambo dogo. Tulifanya kazi katika kijigiza cha moto, vitambaa puani, jasho likitutiririka, na kila kitu kikimetameta: meza, mashine, vikombe vya chai, nyusi za Nyabo.

Ndivyo uhuru ulivyotukuta. Wiki ile mji mzima ulikuwa ukipakwa rangi. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, mashina ya miti yakapakwa chokaa, na kila mtu alitaka kitu kinachong'aa. Kwaya ya kanisani kwetu iliomba kadi zenye nyota kwa ajili ya wageni, tukachonga nyota, tukafanya kazi mpaka soli ikalika. Siku yenyewe nilikwenda uwanjani nikiwa sijanawa vizuri. Katika msongamano mwanamke nisiyemjua alinigusa shavu, akatazama kidole chake, akaniuliza kwa Kiarabu kama hiki ndicho uhuru wenyewe. Nikamwambia ndicho. Akachukua kidogo kutoka shavuni mwangu akajipaka lake, akaendelea na safari yake ndani ya umati. Mengine ya siku ile ninayakumbuka kama mtu anavyokumbuka mwanga uliomwingia machoni: ngoma, joto, bendera, miguu inayouma, na watu wazima wakilia bila kujifuta.

Baada ya hapo watu walioana. Ilikuwa kama mji mzima ulikuwa umengoja ruhusa. Walioana waliorudi kutoka Kampala na waliorudi kutoka Khartoum, waliolelewa kambini Kakuma na waliolelewa porini, na wengi wao walipita kwenye mlango wetu wa bati la buluu. Nilichonga pembe za ng'ombe, korongo, mashada ya maua ambayo hayaoti Juba. Mama mdogo aliacha kuuliza watu wanakulaje.

Kisha, katika mwaka wa tatu, mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika, wakaja wazee wawili.

Mwanamume alikuwa askari wa Bilpam, mtunza stoo katika kambi hiyo kuu ya jeshi, mrefu, mwenye mguu mmoja mgumu. Kiswahili alikiokota hospitalini Kenya, alikolazwa muda mrefu mguu huo ulipojeruhiwa. Mkewe alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani na uso uliotulia, na Kiswahili alikielewa zaidi ya alivyokizungumza. Walikaa kwenye benchi letu mpaka chai ikaletwa. Nilidhani wamekuja kwa ajili ya harusi ya mtoto wao.

"Binti," mzee akasema, "mimi na huyu mama tuna watoto wanne, wakubwa wote. Sasa tunataka kuoana."

Nyabo alianza kucheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Mzee akatueleza taratibu. Walichukuana wakati wa vita vya zamani, porini, bila padri na bila wazee. Hawakuwa wa kabila moja. Makabila siyataji, aliyekuwa Juba miaka ile anayajua. Ndugu wa upande huu hawakumwona bibi harusi, na wa upande ule hawakumwona bwana harusi. Wengi walisikia habari tu, miaka baadaye, na wengine hawakufurahi. Sasa nchi ilikuwa na amani na padri alikuwa amekubali kuwafungisha ndoa kanisani Jumamosi ya kwanza baada ya Krismasi. Mzee alitaka kuwaita wote, wa kwake na wa mkewe, wakae chini ya paa moja wale. Na mtu akiitwa, alisema, anapaswa kuwa na kitu mkononi cha kuonyesha kwamba aliitwa.

Nilimwuliza anataka picha gani. Hakutaka pembe, hakutaka pete wala njiwa. Alitaka mto. Siku waliyochukuana walivuka mto alfajiri, wakikimbia, juu ya chelezo cha mafunjo yaliyofungwa kwa turubai. Alitaka mto huo na chelezo hicho, na kuhusu rangi alikuwa na uhakika kamili: maji yalikuwa meupe, yenye buluu ndani yake, kama ule unga nilioupaka kwenye kadi iliyokuwa mezani.

Mkewe akatikisa kichwa. Alisema kwa Kiarabu kwamba mto ule asubuhi ile haukuwa mweupe hata kidogo. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko na maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi.

"Wewe ulikuwa unalia," mzee akamwambia. "Ungeonaje rangi?"

"Na wewe ulikuwa unatazama nyuma," mkewe akajibu, kwa Kiswahili safi, na hilo ndilo neno la kwanza nililomsikia akisema kwa lugha yangu.

Hawakugombana zaidi. Walikunywa chai yao, wakaondoka wakiniachia mto wenye rangi mbili.

Nilihangaika nao siku nyingi. Nilichanganya shaba na nyeupe katika kifuniko cha soda, ikatoka rangi ya matope yaliyochoka. Nilipiga chapa nusu kwa hii na nusu kwa ile, ikawa kama mito miwili ya watu wasiosalimiana. Mwishowe nilipaka kwanza shaba iliyokorogwa na utomvu, nyembamba sana, kama rangi ya maji, nikaiacha ikauke. Juu yake nikapiga muhuri wa mawimbi kwa gundi tupu na kuupitishia unga mweupe, kidogo, kwa ncha ya brashi. Nikaipeleka mlangoni. Ukiishika wima, mto ulikuwa mwekundu, na mawimbi hayakuonekana. Ukiinamisha kidogo kuelekea mwanga, wekundu ulizama na maji yote yakawa meupe yenye buluu, na chelezo kikawa katikati, kimesimama, kama kinasubiri mtu aamue.

Waliporudi kuiona, kila mmoja aliishika kwa namna yake. Mkewe aliishika wima. Mzee aliiinamisha. Halafu wakabadilishana. Nyabo alijifanya anarekebisha mashine.

Tulizimaliza kadi zote katikati ya Desemba. Mzee alikuwa azichukue Jumatatu.

Jumatatu ile hakuna aliyefungua mlango wowote. Askari walikuwa wameanza kupigana wao kwa wao kambini Jumapili, na kulipokucha milio ilikuwa imeingia mjini. Mimi na mama mdogo tulilala sakafuni katikati ya nyumba, godoro likiwa limesimamishwa ukutani, tukasikia vitu vikipita juu ya bati. Ninachokumbuka zaidi ni ukimya uliokuja kati ya mlio na mlio, jinsi ulivyokuwa laini, na jinsi ambavyo ndani yake jogoo wa jirani aliendelea na kazi yake. Tulikula kisra kavu, ile mikate myembamba ya mtama. Majirani wa upande wa kushoto, watu ambao watoto wao walikuwa wakija kuomba vipande vya karatasi, waliondoka na vifurushi kuelekea kambi ya walinda amani, na nyumba yao ikabaki wazi, pazia likipepea. Watu walikuwa wakisimamishwa njiani na kuulizwa jambo dogo kwa lugha fulani, na jibu lao likaamua kama watafika waendako. Mama mdogo alinikataza kufungua mdomo nje ya nyumba. Kiswahili changu, alisema, si cha mtu yeyote, na siku hizo kuwa si wa mtu yeyote kulikuwa hatari pia.

Milio ilipopungua nilikwenda dukani. Nyabo alikuwa ameshafika, anafunga mizigo. Ndugu zake walimpigia simu kutoka Kampala kila saa. Alikuwa amepata nafasi kwenye lori la Mganda mwenzake lililokuwa likienda Nimule, mpakani na Uganda. Alikuwa anafungia vichupa vya unga katika nguo zake za ndani, kimoja kimoja, ili visivunjike. Kadi za wazee zilikuwa palepale kwenye rafu, zimefungwa kwa uzi, hakuna hata moja iliyoguswa.

Ndipo waliposimama mlangoni. Mzee alikuwa amevaa shati la kiraia lililombana mabegani, na ilinichukua muda kumtambua bila magwanda. Mkewe alikuwa nyuma yake, amejifunika kwa leso kubwa hadi puani. Siku zote hizo padri alikuwa amemficha katika nyumba ya kanisa, yeye na wengine, na mumewe alikuwa ameacha stoo, funguo na kila kitu, akaja kukaa mlangoni pake. Sasa walikuwa wanatoka mjini. Kila upande ulikuwa unamwona mmoja wao kuwa ni adui.

Nilidhani wamekuja kuniambia kwamba hakuna harusi. Mzee akasema padri anawangoja kesho asubuhi, baada ya misa ya kwanza, na wanahitaji mashahidi wawili.

"Mimi si mtu wa dini yenu," Nyabo akasema. "Mimi niko mlokole."

"Uko na macho?" mzee akauliza.

Akasema anayo.

"Hiyo inatosha."

Basi tulikwenda. Kanisa lilikuwa limejaa watu waliolala humo, mikeka na masufuria, watoto wakizurura kati ya viti. Hakuna aliyewafukuza. Mwanga wa kiangazi uliingia kwenye madirisha ya juu ukiwa na vumbi, na vumbi lile lilielea polepole sana, na mimi niliyekuwa sijalala vizuri siku nyingi nililiona kama unga wetu, kana kwamba mtu amefungua kichupa kikubwa juu ya vichwa vyetu. Bibi harusi alivua leso. Padri aliwauliza maswali yanayoulizwa vijana, kama wamekuja kwa hiari yao, kama watapokea watoto watakaojaliwa, na kwenye swali hilo la watoto wanawake waliokuwa kwenye mikeka wakacheka, na yeye mwenyewe bibi harusi akacheka, akafunika mdomo. Mzee alijibu kila kitu kwa sauti ya gwaride. Mtu akapiga kigelegele kimoja kifupi, akakikata, kwa kuogopa walio nje.

Tulipotoka mzee akaniuliza kuhusu kadi. Nikamwambia ziko salama, lakini sasa za nini, wageni wametawanyika, na harusi imekwisha.

Mkewe ndiye aliyejibu, polepole, akichanganya Kiswahili na Kiarabu. Alisema wale watu wote sasa hivi wanajificha mahali fulani, na wanaambiwa kwamba watu wa upande wa pili hawakuwahi kuwataka. Alitaka kila mmoja apate kadi yake. Tarehe ibaki ileile, kanisa lileile.

"Wajue tulikuwa tunawangoja," akasema.

Kesho yake nilipanda nao lori lile la Nyabo hadi Nesitu, kwenye njia ya Nimule, ili tuwakabidhi madereva kadi. Mama mdogo alinikataza, kisha akanifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake mwenyewe akaniacha niende. Nyabo aliketi mbele na dereva. Sisi watatu tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, kadi zikiwa mapajani mwangu. Nje ya mji palikuwa na kizuizi, kamba na pipa na vijana wenye bunduki, macho mekundu. Mmoja alipanda gurudumu akatutazama. Akamwuliza mzee anatoka wapi, akajibu. Akamgeukia mkewe na kumwuliza swali kwa lugha ya mumewe, lile swali dogo.

Mkewe hakujibu. Alichukua kadi moja kutoka mapajani mwangu akampa.

Kijana aliigeuza. Jua lilikuwa kali, na nikaona mto ukipita usoni pake, mwekundu kisha mweupe, mwekundu kisha mweupe. Aliendelea kuiinamisha na kuiinua. Kisha akasoma majina ndani yake, midomo ikitembea.

"Mnaalika watu wakati huu?" akamwuliza mzee.

"Tuliwaalika zamani," mzee akasema. "Jana tumeoana."

Kijana akatazama miguu ya mzee, mikono yake, mvi zake. Sijui aliona nini. Labda alijua mtu mmoja katika majina yale. Labda alikuwa amechoka tu. Aliiingiza kadi ndani ya kofia yake, akaivaa kofia, akashuka gurudumuni akapiga bati la lori kwa kiganja, twende.

Nesitu palikuwa na malori mengi yamepangana kando ya barabara, madereva wakinywa chai na kupeana habari za njia. Mimi na Nyabo tulipita kwenye vibanda na kadi mikononi. Nyabo aliongea na kila dereva kwa lugha aliyoijua, akamwambia hii inakwenda Adjumani, hii Arua, hii mpe mtu wa kanisa Kampala, yeye anajua mtu anayekwenda kaskazini kwa ndege. Niliogopa kwamba watatucheka. Hakuna aliyetucheka. Waliziingiza juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kipande cha chuma kinachozuia jua, mahali wanapoweka picha za watoto wao. Dereva mmoja aliniuliza kama ni lazima aifikishe kabla ya siku ya harusi. Nikamwambia aifikishe tu.

Pale ndipo tulipoagana. Nyabo alinikumbatia akaniachia kichupa cha shaba, akaniambia nisilie, yeye atarudi mambo yakiwa sawa. Mzee alinipa mkono kama mwanajeshi. Mkewe alinishika uso kwa viganja viwili, akaniita binti yake, akasema jambo la kilugha nisilolielewa, nami sikuuliza. Lori liliondoka na vumbi lake. Nilirudi mjini kwa bodaboda, na njia nzima niliona kila kitu kwa mbali, kama kitu kilichochorwa.

Nyabo alirudi baada ya mwaka, akaondoka tena mapigano ya pili yalipokuja, akarudi tena. Duka lilibomolewa mlango mara moja na mashine ikaibiwa. Tukanunua nyingine ndogo. Wazee wetu walipata kiwanja katika makazi ya wakimbizi upande wa Adjumani, huko Uganda, wakalima ufuta na maharage, na mara kwa mara walinipigia simu kuuliza hali ya mto. Kuhusu kadi tulisikia habari moja moja. Moja ilionekana imepachikwa kwenye nguzo ya hema. Moja ilirudishwa na dereva aliyesema mwenye kadi hayupo tena duniani; mzee akaniomba nikae nayo.

Kisha, baada ya viongozi kutia saini amani ile nyingine, asubuhi moja mzee mmoja mwembamba alisimama mlangoni kwetu akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko palikuwa na mfuko mwingine, na ndani yake kadi. Kona zilikuwa zimekatika, unga umebanduka kwenye mikunjo, lakini alipoitoa mlangoni mto uliwaka kidogo. Nyuma ya kadi palikuwa na muhuri wetu mdogo na jina la mtaa, na huo ndio uliomleta. Aliniuliza kanisa liko wapi. Alikuwa kaka mkubwa wa bibi harusi, na tangu vita vya zamani hawakuwa wameonana. Jinsi kadi ilivyomfikia sikuweza kufuata yote: dereva, mke wa dereva, mtu wa kanisa, ndege ya mizigo, kambi moja na kambi nyingine.

"Nimechelewa harusi," akasema. "Lakini niliitwa."

Nyabo akamvutia kiti. Mimi nikapiga simu Adjumani, na yule mama alipopokea sikumwambia kitu, nilimpa kaka yake simu. Halafu nikasikia sauti ya mama, ndogo, ikimwuliza kama amekula. Akasema bado. Nikaenda kumnunulia ful, yale maharage ya kupondwa, na mkate, na niliporudi walikuwa wanaongea juu ya mvua.

Kesho yake tulimpandisha basi la Nimule. Mama alinipigia mwisho wa wiki. Alisema walimngoja barabarani tangu asubuhi, wakachinja mbuzi, wakaita majirani wa pande zote, kwa maana harusi bila kula si harusi. Nilimwuliza kama kaka yake alicheza.

"Alicheza," akasema. "Vibaya, kama zamani."